Namba ya oksidisho si chaji ya ioni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nisahihishe mambo kadhaa yaliyomo katika makala ya marudio ya kemia iliyotoka hivi karibuni kwenye ukurasa wenu wa elimu, iliyohusu hali za oksidisho, yaani namba za oksidisho, za metali za mpito, zile za katikati ya jedwali la elementi kama chuma, shaba na manganizi. Nimefundisha somo hili katika madarasa ya juu ya sekondari kwa miaka mingi, na kwa baadhi ya miaka hiyo nimesahihisha mitihani, kwa hiyo ninajua vyema kwamba jambo likishachapishwa gazetini mwanafunzi huliamini kuliko analoandikiwa ubaoni. Mwandishi wa makala hiyo ana lugha nyepesi na nia njema, na mengi aliyoyasema kuhusu matumizi ya metali hizi ni sahihi. Kosa lake kubwa liko mahali pamoja, ila ni mahali penyewe palipobeba mada nzima: ameichukulia namba ya oksidisho kuwa ndiyo chaji ya ioni, yaani chaji ya umeme ya atomu au kundi la atomu lililopoteza au kupokea elektroni, na kutokana na hilo akawaambia wasomaji kwamba manganizi iliyomo katika permanganeti ya potasiamu imepoteza elektroni saba na kubaki ioni yenye chaji chanya saba. Kisha akawapa jedwali la namba, kuanzia skandiamu hadi zinki, wakalikariri.

Ioni hiyo haimo katika permanganeti, wala haimo katika chupa nyingine yoyote ya maabara. Kung'oa elektroni ya kwanza kutoka kwenye atomu za manganizi zilizo katika hali ya gesi kunahitaji kilojuli 717 kwa kila moli, kipimo cha wanakemia cha idadi ya chembe. Ya pili inahitaji 1,509, ya tatu 3,248, na kila inayofuata inadai zaidi ya iliyoitangulia, kwa sababu inang'olewa kutoka kwenye kitu ambacho tayari kina chaji chanya inayoivuta irudi. Ukijumlisha gharama ya zote saba unapita kilojuli 38,000. Moli moja ya methani ikiungua kikamilifu hutoa takriban kilojuli 890, maana yake ni kwamba ungehitaji joto la kuunguza zaidi ya moli 40 za gesi hiyo ili kuivua moli moja ya manganizi elektroni zake saba, na hakuna mmenyuko wa kawaida ndani ya bika unaoweza kulipa deni la namna hiyo. Hata kama ingewezekana kwa muujiza, ioni ndogo yenye chaji kubwa kiasi hicho ingenyakua elektroni kutoka kwa chochote kilicho jirani nayo, na maji yangekuwa ya kwanza kuporwa.

Basi hiyo 7 inatoka wapi? Inatoka kwenye hesabu. Ioni ya permanganeti ina atomu moja ya manganizi na atomu nne za oksijeni, na kwa ujumla wake ina chaji hasi moja. Oksijeni ina mvuto mkubwa zaidi wa elektroni kuliko manganizi, kwa hiyo tunakubaliana, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba elektroni zote za bondi zilizo kati yao ziandikwe upande wa oksijeni. Kila oksijeni inaandikiwa hasi 2, nne zinafanya hasi 8, na ili jumla ibaki hasi 1 ni lazima manganizi iandikiwe chanya 7. Katika hali halisi elektroni hizo zinashirikiwa. Zimeelemea upande wa oksijeni lakini hazijahamia huko. Mali ya ubia inapoandikwa daftarini kwa jina la mbia mwenye hisa nyingi, daftari linakuwa rahisi kusoma, lakini mbia mdogo hajanyang'anywa chake.

Jumuiya ya kimataifa ya wanakemia, ambayo wengi tunaijua kwa kifupi chake cha IUPAC, ililiweka jambo hili wazi katika fasili iliyopendekezwa mwaka 2016: namba ya oksidisho ya atomu ni chaji ambayo atomu hiyo ingekuwa nayo endapo bondi zake zote na atomu za aina nyingine zingehesabiwa kuwa za kiioni. Lugha yetu inatusaidia sana hapa, kwa kuwa maana yote ya fasili hiyo imekaa ndani ya kiambishi kimoja, -nge-. Mwanafunzi anayejua tofauti kati ya "ina" na "ingekuwa nayo" ameshaelewa nusu ya mada kabla hajafungua jedwali la elementi. Makala yenu iliandika "ina".

Ninakiri kwamba historia ya neno lenyewe inachangia mkanganyiko. Katika karne ya 18, enzi za Antoine Lavoisier, kuoksidishwa kulimaanisha kuungana na oksijeni na si zaidi. Metali iliyochomwa hewani ikaongezeka uzito ilikuwa imeoksidishwa, na hesabu ikaishia hapo. Elektroni ilipogunduliwa mwaka 1897, maana ilianza kupanuka, na baadaye ikawa kwamba kinachopoteza elektroni kimeoksidishwa na kinachozipokea kimepunguzwa, hata kama oksijeni haipo karibu. Mwaka 1919 Alfred Stock, mwanakemia wa Ujerumani, alipendekeza namba hizo ziandikwe kwa tarakimu za Kirumi ndani ya jina la kampaundi, ndiyo maana leo tunaandika kloridi ya chuma(II) na kloridi ya chuma(III). Tarakimu hizo za Kirumi zina faida ambayo walimu wengi hawaitumii darasani: zinaonekana tofauti kabisa na alama ya chaji. Mimi huwaambia wanafunzi waandike 2+ wanapozungumzia chaji ya ioni iliyopo kweli, na waandike +2 au II wanapozungumzia namba ya hesabu. Wapo wanaoona huu ni ushamba wa mwalimu mzee anayegombana na mpangilio wa alama mbili. Lakini katika karatasi nilizosahihisha, waliochanganya alama hizo mara nyingi ndio hao hao walioishia kuniandikia ioni ya manganizi yenye chaji saba.

Sasa nije kwenye swali ambalo makala ilijaribu kulijibu, kwa sababu ni swali zuri: kwa nini kalsiamu inaridhika na +2 daima, wakati chuma kina +2 na +3, na manganizi inatembea kutoka +2 hadi +7? Jibu la kweli halihitaji kukariri chochote ila mambo mawili. La kwanza ni kwamba katika metali za mpito za safu ya kwanza, elektroni za obitali (maeneo ambamo elektroni hukaa kuzunguka kiini) ya 4s na zile za 3d ziko karibu sana kwa kiwango cha nishati, kwa hiyo baada ya kutoa mbili za 4s atomu haigongi ukuta. Kalsiamu inagonga. Elektroni yake ya tatu inadai kilojuli 4,912 kwa moli, kwa kuwa inang'olewa kutoka kwenye mzingo wa ndani uliojaa, ambapo elektroni ya tatu ya chuma inadai 2,957 tu. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya ioni ya chuma yenye chaji 3+ iwe kitu cha kawaida na ile ya kalsiamu isionekane katika kemia ya darasani. Hapa niongeze sahihisho dogo: makala ilionyesha chuma kikipoteza elektroni za 3d kwanza na kubakiza zile mbili za 4s. Ni kinyume. Tunazijaza 4s kabla ya 3d tunapojenga atomu kwenye karatasi, lakini ioni inapoundwa 4s ndizo zinazotangulia kuondoka, na ioni ya chuma yenye chaji 2+ inabaki na elektroni sita za nje, zote katika 3d.

Jambo la pili ni kwamba baada ya kufika +3 hivi, metali hizi huacha kupoteza elektroni kwa maana halisi na kuanza kuzishiriki, hasa na oksijeni au florini. Ndiyo maana hutaikuta manganizi ya +7 peke yake majini. Utaikuta imezungukwa na oksijeni nne. Kromiamu ya +6 ni hivyo hivyo, imo ndani ya kromati ya njano au dikromati ya rangi ya chungwa, siku zote ikiwa na oksijeni. Kikomo cha juu kinaeleweka kwa urahisi mwanzoni mwa safu: skandiamu ina elektroni tatu za kushiriki na inaishia +3, titaniamu inaishia +4, vanadiamu +5, kromiamu +6, manganizi +7. Baada ya manganizi ngazi inashuka badala ya kupanda, kwa kuwa protoni zimeongezeka katika kiini na zinazivuta elektroni za 3d ndani kiasi kwamba hazipatikani zote kwa ushirika. Chuma kina elektroni nane za nje lakini +8 yake haiandikwi katika kitabu chochote cha shule. Ya juu inayofahamika vizuri ni +6, katika ile chumvi ya zambarau inayoitwa ferati. Zinki, mwishoni mwa safu, imebaki na +2.

Mwanafunzi mdadisi atauliza kama +8 ipo kwingineko. Ipo: osmiamu na rutheniamu, zilizo chini ya chuma katika jedwali, huifikia zikiwa na oksijeni nne. Mwaka 2014 wanasayansi walitangaza kuwa wameiona iridiamu ikiwa na +9 katika ioni ya gesi yenye oksijeni nne na chaji chanya moja. Tazama tena hesabu hiyo: oksijeni nne ni hasi 8, chaji ya jumla ni chanya 1, iridiamu inaandikiwa chanya 9. Ioni nzima ina chaji ya 1 tu, na bado kuna namba 9 ndani yake. Sijui mfano mwingine unaotenganisha vitu hivi viwili kwa ukali zaidi.

Kwa upande wa chini nako jedwali la kukariri linadanganya kwa kukaa kimya. Mwaka 1890 Ludwig Mond na wenzake walieleza kampaundi ya nikeli na monoksidi ya kaboni, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 43 hivi za Selsiasi na chenye sumu kali, ambamo nikeli ina namba ya oksidisho sifuri. Metali imo ndani ya kampaundi, imebadilika kabisa sura na tabia, na hesabu yake inasema haijapoteza wala kupokea hata elektroni moja. Chuma kinaweza kushuka hadi -2 kikiwa na monoksidi nne za kaboni. Simaanishi kwamba haya yaingizwe yote katika mtihani wa sekondari. Ninachosema ni kwamba mwanafunzi aliyeelewa hesabu atayapokea bila mshtuko atakapokutana nayo, na aliyekariri jedwali atadhani amedanganywa, na atakuwa na haki.

Mada ya rangi inahitaji aya yake, kwa kuwa hapo makala ilirudia kosa ambalo nimelikuta hata katika maelezo ya walimu wenzangu. Ilisemwa kwamba metali za mpito zina rangi kwa sababu elektroni za d zinaruka kutoka obitali moja ya d hadi nyingine zinapofyonza mwanga, na mfano uliotolewa ni permanganeti. Maelezo hayo yanaifaa salfeti ya shaba ya buluu na chumvi za nikeli za kijani. Hayaifai permanganeti, kwa sababu ukifuata hesabu ya +7 manganizi haina elektroni hata moja ya d iliyobaki ya kuruka. Zambarau ile kali inatokana na elektroni inayoruka kutoka kwa oksijeni kwenda kwa manganizi mwanga unapoipiga, na ndiyo maana ni kali kiasi kwamba chembe chache hutia rangi ndoo nzima ya maji, ilhali manganizi ya +2, yenye elektroni tano za d, ina waridi hafifu ambalo katika myeyusho mwembamba halionekani kabisa. Njano ya kromati ina asili ile ile. Mwandishi alichagua mfano unaopinga maelezo yake mwenyewe, na mwanafunzi makini angeweza kumkamata kwa kutumia namba aliyopewa aya moja juu yake.

Wanakemia wa kale waliwahi kuipa mchanganyiko wa manganizi jina la kinyonga, kwa jinsi myeyusho wake wa kijani, ambao sasa tunajua ni manganeti ya +6, ulivyogeuka kuwa zambarau ya +7 huku ukiacha mashapo ya kahawia ya +4. Ni jina zuri na ningependa lirudi madarasani. Hata hivyo kwa kufundishia mimi naipenda zaidi vanadiamu. Andrés Manuel del Río aliitambua huko Mexico mwaka 1801 na, kwa kustaajabia rangi za chumvi zake, akaiita kwanza kwa jina linalobeba maana ya rangi zote. Alishawishiwa baadaye kwamba amekosea, na elementi ikasubiri hadi mwaka 1830 ambapo Nils Gabriel Sefström wa Sweden aliigundua upya na kuipa jina linalotokana na mungu wa kike wa uzuri katika visasili vya watu wa kaskazini ya Ulaya. Shule yenye vanadati ya amoni, asidi ya salfuriki na vipande vya zinki inaweza kuonyesha hali nne katika chupa moja: njano ya +5, buluu ya +4, kijani cha +3, na hatimaye urujuani wa +2.

Katika jaribio hilo kuna mtego ambao hauandikwi katika miongozo mingi. Kabla ya buluu kujitokeza, chupa hupita kwenye kijani, na mwanafunzi anayesubiri rangi zilizo kwenye jedwali lake huandika haraka kwamba amefika +3. Kijani hicho cha kwanza ni njano iliyobaki ikichanganyika na buluu inayozaliwa. Kijani cha kweli huja baadaye, buluu ikishakamilika. Na kuna jambo jingine, ambalo naliandika kwa aibu. Zamani nilimkata mwanafunzi alama kwa sababu, alipoulizwa ni ioni gani yenye rangi ya buluu, aliandika ioni ya vanadiamu iliyoshikana na oksijeni moja, yenye chaji 2+, badala ya ioni tupu ya vanadiamu yenye chaji 4+ niliyokuwa nayo kwenye mwongozo wa majibu. Yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Vanadiamu ya +4 na ya +5 katika maji ya asidi huishi zikiwa zimeshikana na oksijeni. Ni ya +3 na ya +2 tu zinazotembea kama ioni za kawaida zilizozungukwa na maji. Mwongozo ulikuwa umefanya kosa lile lile la makala yenu, nami niliufuata.

Makala pia iliwaambia wasomaji kwamba hali iliyo imara zaidi ni ile inayoacha obitali za d zikiwa nusu zimejaa au zimejaa kabisa. Kanuni hiyo ina ukweli, hasa kwa manganizi ya +2 na chuma cha +3, zenye elektroni tano za d kila moja. Ikiachwa peke yake inapotosha, kwa sababu uimara haumo ndani ya atomu pekee. Unategemea atomu imekaa na nani. Kobalti ya +3 ikiwa imezungukwa na maji ni mnyang'anyi wa elektroni kiasi kwamba huweza kuyaoksidisha maji yenyewe, na uwezo wake wa elektrodi, kipimo cha nguvu ya kuvuta elektroni, unazidi volti 1.8. Iweke kobalti hiyo hiyo katikati ya molekuli sita za amonia na uwezo huo unashuka hadi karibu volti 0.1, na +3 inakuwa hali tulivu inayoweza kukaa chupani miaka. Shaba nayo: darasani tunasema +2 ndiyo hali yake imara, na katika maji ni kweli, lakini ukimimina myeyusho wa iodidi ya potasiamu juu ya salfeti ya shaba hupati iodidi ya shaba(II). Iodidi inampa shaba elektroni, unapata mashapo meupe ya iodidi ya shaba(I) pamoja na iodini ya kahawia, na titresheni nzima (upimaji kwa myeyusho ambao nguvu yake inajulikana) ya kupima shaba imejengwa juu ya tukio hilo.

Juu ya zinki nitasema kwa kifupi, kwa kuwa barua nyingi zimeshaandikwa duniani kuhusu suala hilo na mbingu hazijaanguka. IUPAC inaihesabu elementi kuwa ya mpito ikiwa atomu yake ina obitali za d zisizojaa, au ikiwa inaweza kutoa ioni chanya yenye obitali hizo zisizojaa. Zinki haitimizi sharti lolote kati ya hayo. Skandiamu inatimiza la kwanza, ingawa mitaala mingi inayotumia sharti la ioni peke yake huitoa. Mwanafunzi na afuate mtaala wake, mradi ajue ni fasili ipi anayoitumia.

Wapo watakaoniuliza kuna faida gani ya kuing'ang'ania namba ambayo nimekiri kuwa ni ya kihesabu. Faida ni kubwa, na ndiyo sababu ya barua hii kuwa ndefu. Manganizi inaposhuka kutoka +7 hadi +2 katika asidi, daftari linasema imepokea elektroni tano. Chuma kinapopanda kutoka +2 hadi +3 kimetoa moja. Kwa hiyo permanganeti moja inatosheleza ioni tano za chuma, na mlinganyo ambao wanafunzi huukariri kwa jasho unajiandika wenyewe. Namba hiyo hutuonya pia: kromiamu ya +6 husababisha saratani, wakati ile ya +3 ni ya hatari ndogo zaidi, na anayeandika "kromiamu" pekee kwenye lebo ya chupa ya taka za maabara hajaandika lolote la maana. Damu yetu hubeba oksijeni kwa kutumia chuma cha +2 katika himoglobini, na chuma hicho kikioksidishwa hadi +3 tupu hakiwezi tena kuibeba. Hata hapo daftari lina ubishi wake. Linus Pauling alieleza mwaka 1936 kwamba oksijeni ikishashikwa chuma kinabaki kuwa +2. Joseph Weiss akadai mwaka 1964 kwamba kiandikwe +3 na oksijeni iandikiwe elektroni iliyokopwa. Na wataalamu wameendelea kuligombea jambo hilo kwa miongo mingi huku sote tukipumua bila matatizo. Ubishi kama huo usingewezekana kama namba ya oksidisho ingekuwa kitu cha kupimwa moja kwa moja kama uzito.

Ndugu Mhariri, ombi langu ni dogo. Mwishoni mwa makala kulikuwa na maswali na majibu. Katika swali la tatu, oksidi ya chuma yenye atomu tatu za chuma na nne za oksijeni ilipewa jibu la +3. Wastani ni 8/3, na maana yake ni kwamba kati ya kila atomu tatu, mbili ni +3 na moja ni +2. Mwanafunzi aliyepata sehemu asidhani amekosea kugawanya. Swali la mwisho liliulizia kromiamu katika kampaundi yenye kromiamu moja na oksijeni tano, ile ya buluu inayotokea dikromati yenye asidi inapokutana na peroksidi ya haidrojeni, na jibu lililochapishwa ni +10. Kromiamu ina elektroni sita tu za nje, kwa hiyo haina hizo kumi za kuandikiwa. Oksijeni nne kati ya hizo tano zimeshikana mbilimbili kama ilivyo katika peroksidi, na kila moja inahesabiwa hasi 1. Ya tano inahesabiwa hasi 2. Jumla ni hasi 6. Ningeshukuru jibu hilo likisahihishwa kuwa +6 katika toleo lijalo, kabla wanafunzi hawajaingia chumba cha mtihani nalo.

Wako,

Mwalimu wa kemia, sekondari